Kabla ya kununua grupu



Tangu tulipoandika hapa juu ya samaki wanaooza katika konjelateri wakati wa delestaji, hakuna juma linalopita bila mama mmoja kutusimamisha njiani, iwe sokoni Likasi au kwenye barabara ya Shinkolobwe, akituuliza swali lile lile: "Tununue grupu gani?" Tumekuwa tukijibu mmoja mmoja, kwa haraka, tukiwa na beseni kichwani. Juma hili tunajibu wote pamoja, kwa sababu jibu ni refu, na kwa sababu kuna jambo ambalo tulikuwa tumelificha kwa aibu.

Jambo lenyewe ni hili: grupu ya chama chetu nusura iue watoto watatu.

Ilikuwa mwaka jana, Februari, mvua ikinyesha mfululizo. Konjelateri ya chama ilikuwa imewekwa nyumbani kwa mwenzetu mmoja, na grupu vilevile. Kwa kuwa kartie ile ina wezi, na kwa kuwa mvua ilikuwa kali, aliiwasha ndani, kwenye korido kati ya jiko na mlango wa nyuma. Mlango aliuacha wazi kidogo ili moshi utoke. Sisi wenyewe tulikuwa tumemwambia afanye hivyo. Hilo ndilo linalotuumiza hadi leo.

Saa tatu za usiku binti mkubwa, wa miaka 11, alisema kichwa kinamuuma. Mdogo wake akatapika. Mama akafikiri ni malaria, kama ambavyo kila mmoja wetu angefikiri, akawapa parasetamoli na kuwalaza. Aliposimama kwenda kuchota maji, miguu haikumbeba. Jirani aliyekuja kuomba kuchaji telefone ndiye aliyemkuta ameketi sakafuni karibu na mlango, akiulizwa jina lake hajibu. Jirani akapiga kelele, vijana wa avenu wakaja, wakawatoa watoto nje kwenye mvua. Hospitalini waliwekewa oksijeni. Walikaa siku mbili. Wote wako hai, na binti yule sasa ndiye anayetukumbusha kanuni kuliko sisi wakubwa. Mama yao ametupa ruhusa tuandike habari hii. Jina lake abaki nalo.

Kwa hiyo mtusamehe tukianza na moshi kabla ya kuanza na bei.

Moshi usioonekana

Injini ya esansi hutoa hewa inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Harufu unayoisikia ni ya esansi na mafuta yaliyoungua. Hewa inayoua yenyewe husikii. Ikiingia mapafuni, damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Mtu anapumua kama kawaida, lakini damu haibebi tena kile ambacho mwili unakitafuta. Dalili zake zinatudanganya sisi wamama kwa sababu tunazijua kutoka kwa magonjwa mengine: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu, usingizi mzito. Homa haipo. Na mara nyingi watu wa nyumba moja huumwa wote kwa wakati mmoja, hata kuku au paka. Ukiona watu watatu wameanza kuumwa kichwa ndani ya saa moja na injini inanguruma karibu, usitafute malaria na usitafute nani amewaroga. Toa watu nje kwanza. Usirudi ndani kuzima mashine kabla watoto hawajatoka, maana wengi wameanguka wakirudi. Halafu hospitali, na umwambie muganga waziwazi kwamba kulikuwa na grupu ndani, ili asipoteze muda.

Mama mjamzito na mtoto mchanga wako katika hatari kubwa zaidi. Mtoto aliye tumboni anaweza kuumia hata kama mama amejisikia vibaya kidogo tu.

Kufungua dirisha hakutoshi. Kufungua mlango hakutoshi. Baraza lenye kuta pande tatu ni kama chumba. Grupu ikae nje kabisa, umbali wa mita 6 au zaidi kutoka kwenye mlango na dirisha lolote, na bomba la moshi lielekezwe mbali na nyumba. Pima hatua kubwa nane. Na usisahau dirisha la jirani: mita 6 kutoka kwako zinaweza kuwa mita 2 kutoka kwa kitanda cha mtoto wa mwenzako. Katika parseli nyembamba za Kikula, ambako nyumba zimebanana, hili ni gumu kweli. Hatutadanganya: kuna parseli ambazo hazina mahali pa grupu, na mwenye parseli kama hiyo atafute njia nyingine ambayo tutaitaja hapa chini.

Na kwa kuwa tumelitaja, mbabula ni ndugu wa grupu. Makala yanayowaka hutoa hewa ileile. Kila mwaka katika baridi ya Juni na Julai tunasikia watu walioingiza mbabula chumbani ili kupata joto, wakafunga mlango. Mbabula ilale nje.

Na wezi? Swali hili tumeulizwa mara nyingi kuliko mengine yote, na lina haki. Grupu inayonguruma usiku nje ni kama kumwita mwizi kwa jina. Sisi tulifanya hivi: fundi wa kuchomea vyuma alitutengenezea kizimba cha nondo, wazi pande zote, chenye kipande cha bati juu kuzuia mvua, kikafungwa kwa simenti kwenye mguu wake. Grupu inafungwa ndani kwa mnyororo na kufuli inapowaka. Inapozimwa na kupoa, ndipo inapoingizwa ndani kulala. Kizimba kilitugharimu fedha, ndiyo, na mwanzoni wenzetu wawili walilalamika kwamba chama kinanunua jela ya mashine. Tuliwauliza kama wako tayari kuiweka koridoni kwao. Walinyamaza.

Je, unaihitaji?

Tunakaa katika nchi ya umeme, hilo linachekesha na kuuma. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ilianza kutoa umeme 1930, na Koni, chini yake kidogo, 1950. Ziwa Tshangalele ambako samaki wetu wanatoka ni maji yaliyozuiliwa kwa ajili ya turbini hizo. Kwenye Lualaba wakajenga Nzilo na Nseke katika miaka ya 1950. Mwaka 1982 ikaja laini ndefu kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita kama 1,700. Vyote hivi vilijengwa vikiangalia migodi na viwanda kwanza, na migodi imeongezeka kuliko mitambo. Mwadingusha ilifanyiwa matengenezo makubwa yaliyokwisha 2021, lakini migodi nayo inakula. Na sisi wa upande wa Shinkolobwe tuna la zaidi: kutoka mgodi huu Wamarekani walipata sehemu kubwa ya uraniumu ya mpango uliotengeneza mabomu ya atomiki ya 1945, na leo mjukuu wa mchimbaji anasoma kwa kandili. Tuyaache hayo, yanatutoa kwenye hesabu.

Hesabu inaanza hivi: andika kwenye karatasi vitu unavyotaka kuvitumia umeme unapokatika. Vile usivyoweza kukaa bila hivyo, basi, acha vingine.

Kama karatasi yako ina taa tatu, telefone na redio, usinunue grupu. Tunasema hivyo hata kama muuzaji wa grupu ni shemeji yetu. Pano ndogo ya jua, betri yake na balbu za LED zitakutosha, hazinywi esansi, hazitoi moshi, hazimwiti mwizi kwa kelele. Angalia tu kwamba msimu wa mvua, kati ya Novemba na Machi, mawingu hupunguza chakula cha pano, kwa hiyo chukua kubwa kidogo kuliko muuzaji anavyokuambia inatosha kiangazi. Hii ndiyo njia ya mwenye parseli nyembamba pia.

Grupu ni ya mwenye konjelateri ya biashara, mwenye saluni, mwenye mashine ya kushona ya umeme, kituo cha afya kidogo, au wamama kumi walioungana kama sisi. Ni chombo cha kutafuta fedha au kuokoa fedha. Ukiinunua ili kuangalia filamu, esansi itakuja kukuamsha.

Namba iliyotudanganya

Grupu yetu ya kwanza haikuwa ile ya korido. Ya kwanza ilikuwa ile ndogo ya rangi, inayobebwa kwa mkono mmoja, ambayo kila mtu anaijua, yenye namba 950 kubwa ubavuni. Tulichanga likelemba miezi minne. Tulidhani 950 ni wati 950. Tulipoileta nyumbani tukaiunganisha na konjelateri, injini ikalia kama mbuzi anayechinjwa, taa zikafifia, konjelateri ikatoa sauti "tik" na kunyamaza. Tukajaribu tena. "Tik." Mara ya tatu mama mmoja akazima kwa hofu, na akafanya vizuri, maana kompresa ikijaribu kuamka mara nyingi bila nguvu huungua.

Fundi alipokuja alitugeuzia mashine na kutuonyesha kile kibati kidogo cha chuma cha nyuma. Pale pameandikwa 650 W. Hizo ndizo wati ambazo mashine inaweza kuzitoa muda mrefu. Ile 950 ni jina tu, kama nguo iliyoandikwa Paris.

Halafu akatuambia jambo ambalo muuzaji hakulitaja. Likasi iko juu, mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini ya esansi hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa hiyo toa asilimia 12 au 13. Wati 650 zetu zikabaki kama 565.

Na konjelateri? Yetu inakula wati 150 ikiwa inatembea. Lakini wakati wa kuanza, kwa sekunde chache, inataka mara tatu, nne, wakati mwingine zaidi. Mara nne ni wati 600. Umeona sasa kwa nini ilisema "tik".

Chukua karatasi yako sasa. Tunakuwekea hesabu yetu ya pili, ile tuliyoifanya tukiwa tumechomwa:

Balbu 5 za LED za wati 9 ni wati 45. Televisheni, 80. Telefone nne, tuseme 40. Jumla ya vitu visivyo na mota: 165. Konjelateri wakati wa kuanza: 600. Tukijumlisha, 765. Hapo tukatafuta grupu ambayo kibati chake kinasema wati 2,000, ambayo kwetu huku juu inatoa kama 1,740. Tulipewa nafasi ya kupumua, na siku moja tutaongeza konjelateri ya pili. Lakini usikimbilie kubwa sana. Injini ya wati 5,000 inayowasha balbu tatu inakunywa esansi bure na kujaza masizi kwenye buji. Inafanya kazi vizuri ikibebeshwa karibu nusu ya nguvu zake au zaidi kidogo.

Vitu vyenye kutoa joto viache kwa SNEL. Pasi ni wati 1,000 na zaidi, resho ni 1,000 hadi 1,500, birika la umeme karibu 2,000, mashine ya kukaushia nywele zaidi ya 1,200. Mwenye saluni ahesabu vizuri hapa. Kupika tunako makala.

Muuzaji atakuambia kVA. Umuulize wati, na umuulize wati za kuendelea, si zile za juu kabisa za sekunde chache. Akikasirika, nenda duka lingine.

Ukiwa dukani, inyanyue. Waya uliozungushwa ndani ya kichwa cha grupu unaweza kuwa wa shaba au wa aluminiumu. Wa shaba hudumu zaidi, na mashine huwa nzito. Sisi watoto wa Katanga, ambao baba zetu wameichimba shaba maisha yao yote, tunauziwa aluminiumu iliyopakwa rangi ya shaba. Nenda na fundi, mlipe soda na nauli. Ni fedha kidogo kuliko ile tuliyopoteza tulipouza grupu ya kwanza kwa hasara.

Jambo jingine la dukani: kuna injini za kuchanganya mafuta na esansi, na kuna zenye mafuta yake pembeni. Ile ndogo ya 950 ni ya kuchanganya. Ukisahau mafuta siku moja, imekufa. Nyingi kati ya hizo zinataka sehemu 1 ya mafuta kwa 50 za esansi, maana yake mililita 100 kwa lita 5, lakini soma kilichoandikwa kwenye yako. Ile yenye mafuta pembeni ni ghali zaidi, ina kelele kidogo, na kwa nyumba yenye watu wengi wanaoshika mashine tunaipendelea.

Waya

Hapa tunaomba mtusikilize kama mnavyomsikiliza mama mkwe.

Kuna waya ambao vijana wa kartie wanautengeneza, wenye fishi pande zote mbili. Upande mmoja unaingia kwenye grupu, wa pili unaingia kwenye prizi ya ukutani, na nyumba nzima inawaka. Ni rahisi, na ni mauti. Kwanza, fishi ikichomoka ukutani, meno yake yana umeme na mtoto anaweza kuyashika. Pili, umeme wako unatoka nyumbani kupitia kompteri, unapanda nguzo, unafika kwenye transfoma ambayo inaukuza hadi volti elfu kadhaa. Fundi wa SNEL aliye juu ya nguzo akitafuta mahali palipokatika anaamini waya umekufa. Ana mke na watoto kama sisi. Tatu, SNEL ikirudi ghafla wakati grupu inawaka, mbili hizo zinagongana, na grupu yako inaungua mbele yako.

Njia ni mbili. Ya bei nafuu: waya mrefu wa nje, mnene, wa milimita 2.5, unaotoka kwenye grupu moja kwa moja hadi kwenye konjelateri na taa zako, bila kugusa nyaya za nyumba. Usiufunike kwa mkeka wala kuupitisha mahali maji yanaposimama. Ukishika ukauona una joto, ni mwembamba mno kwa mzigo huo. Ya pili, ambayo ndiyo tuliyoifikia: swichi ya kugeuza, mafundi wetu wanaiita inverseri. Upande mmoja SNEL, upande mwingine grupu, katikati sifuri. Haiwezi kuwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, hata ukiwa na haraka, hata ukiwa gizani. Afunge fundi wa umeme, si mjomba anayejaribu. Mwambie pia aunganishe mwili wa grupu na chuma kilichozikwa ardhini.

Umeme wa SNEL ukirudi, usigeuze papo hapo. Mara nyingi hurudi ukiyumba, unaondoka tena, unarudi na nguvu ya kuchoma vyombo. Ngoja dakika 10.

Masaa na esansi

Tulipoanza, tuliiwasha usiku kucha. Daftari ya chama ikatuambia ukweli mwishoni mwa mwezi: tulikuwa tunauza samaki ili kununua esansi.

Sasa tunafanya hivi. Konjelateri iliyojaa, ikiwa haifunguliwi, hukaa na baridi yake kama saa 48. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Firigo ya kawaida ni saa 4 tu. Kwa hiyo hakuna sababu ya injini kunguruma usiku kucha. Tunaiwasha saa mbili asubuhi mapema na saa mbili jioni, wakati wateja wanapokuja na watoto wanapohitaji taa za masomo, halafu tunazima na hatufungui mfuniko. Yetu hunywa karibu lita 0.8 kwa saa kwa mzigo huo, yaani zaidi kidogo ya lita 3 kwa siku. Usiku kucha, saa 10, zilikuwa lita 8. Fanyeni hesabu kwa bei ya esansi ya leo, maana ya jana haitumiki tena.

Nafasi tupu ndani ya konjelateri tunajaza chupa za maji. Zinaganda, zinalinda samaki, na zinauzwa. Ili kujua kama baridi ilikatika mkiwa hamupo, gandisheni kikombe cha maji na kuweka kokoto juu ya barafu. Mkirudi mkaikuta imezama chini, barafu iliyeyuka kisha ikaganda tena. Samaki Thomson aliyeyeyuka na kukaa na joto zaidi ya saa mbili asirudishwe kugandishwa wala kuuzwa. Tunajua inauma. Mteja akiumwa tumbo, inauma zaidi.

Esansi yenyewe isikae ndani ya nyumba. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni hadi kwenye mbabula iliyo upande wa pili wa jiko, na moto hurudi kwa njia ileile. Bidoni yenye kifuniko kinachobana, kivulini, mbali na moto na mbali na watoto. Kamwe si chupa ya soda, kwa maana mtoto mwenye kiu hajui kusoma. Usijaze tangi wakati injini inawaka au ina moto. Zima, ngoja dakika 15, jaza kwa kutumia tochi wala si mshumaa, na uache nafasi kidogo juu.

Kuitunza

Grupu mpya za mafuta pembeni kwa kawaida hutoka dukani bila mafuta ya injini. Tunarudia: bila mafuta. Ukitia esansi na kuvuta kamba kwa furaha, unaweza kuiua siku ya kwanza. Yetu inachukua kama nusu lita na zaidi kidogo. Kila mara kabla ya kuwasha, iwe imesimama sawa, tunachomoa kijiti na kuangalia. Mafuta ya kwanza yalibadilishwa baada ya masaa 20 kwa kuwa injini mpya hutoa unga wa chuma. Baadaye kitabu kinasema kila masaa 100. Kwa vumbi letu jekundu la kiangazi, tunafanya kila 50. Filtri ya hewa tunaifungua na kuiosha, na katika Agosti huwa inatisha kuitazama.

Ikikaa wiki nyingi bila kutumika, esansi ya zamani huziba karbireta. Tunafunga kirobine cha esansi na kuacha injini iimalize iliyobaki ndani, halafu inakufa yenyewe. Mara moja kwa wiki mbili tunaiwasha dakika 15 hata kama SNEL ipo.

Mvua ikinyesha bila upepo, kizimba chenye bati kinatosha. Ikija na upepo na kulowesha mashine, tunazima, tunasubiri. Mikono iwe mikavu kabla ya kuigusa.

Kwa vikundi vinavyotaka kununua kwa pamoja, jambo lililotusaidia ni daftari moja iliyofungwa kwa kamba kwenye kizimba: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, lita zilizotiwa, nani aliivuta. Watatu tu wana ruhusa ya kuivuta. Kila samaki anayeuzwa huacha kitu kidogo kwenye sanduku la esansi na mafuta, na sanduku lina funguo mbili kwa watu wawili ambao si ndugu. Pia tulienda kwa majirani wa pande zote kabla ya kuanza, tukawaambia masaa yetu. Saa tatu za usiku tunazima. Mzee mmoja alituomba tugeuze bomba la moshi kwa sababu lilielekea dirisha lake. Tuligeuza siku ileile. Sasa telefone yake inachajiwa kwetu bure.

Jumamosi hii, baada ya mkutano, tutaiwasha mbele ya kila mama anayetaka kuona: kizimba, inverseri, kijiti cha mafuta, vyote. Kila mmoja aje na karatasi yake, vyombo vyake na wati zake, kama zilivyoandikwa nyuma ya chombo. Asiyeweza kusoma kibati, amlete mtoto. Binti wa miaka 11, ambaye sasa ana 12, ndiye atakayepima hatua nane.